Kuifufua Pikipiki Kuukuu ya Nyikani

 Mazungumzo yangu ya leo yanahusu kazi ambayo kwa nje huonekana mchezo wa watu wenye nafasi, nayo ni kazi ya kuifufua nyumbani pikipiki kuukuu iliyoundwa kwa ajili ya njia mbaya: ile yenye ekzosi iliyopandishwa ubavuni, matairi ya meno, usukani mpana, na madigadi iliyoachwa mbali na tairi ili tope lisikwame. Nataka kuithibitisha kauli moja, kwamba chombo cha namna hii hakifufuki kwa kung'aa. Hufufuka kwa kazi ya batini, ambayo ikiisha kufanywa hufunikwa na vifuniko vya chuma na jicho halioni tena, na mwenye kutanguliza rangi kabla ya kazi hiyo amejidanganya nafsi yake na amemdanganya kila atakayekipanda.

Yafaa kwanza tuijue asili ya chombo chenyewe. Mpaka katikati ya miaka ya 1960, mtu wa Marekani aliyetamani kuendesha pikipiki katika jangwa la California au misituni alikuwa na njia kuu mbili, na zote mbili zilikuwa na ila. Njia ya kwanza ilikuwa kuchukua pikipiki nzito ya barabarani, aghalabu ya Kiingereza, akaivua kila kisichokuwa cha lazima, akaipandisha ekzosi, akaitia matairi ya meno, kisha akautoa mwili wake kuinyanyua kila ilipomwangusha. Njia ya pili ilikuwa kununua pikipiki ya mashindano kutoka Ulaya, mathalan Husqvarna ya Sweden au Bultaco ya Hispania, chombo chepesi na hodari, ila kikali kwa mpandaji asiyekuwa mshindani. Watu wa kampuni ya Yamaha waliokuwa Marekani wakaona kwamba baina ya njia hizi mbili pana uwazi, wakawaomba wenzao wa Japani chombo kimoja chenye kutosheleza haja mbili: kitoke nyumbani kwa magurudumu yake, kikiwa na taa na namba kwa mujibu wa sheria, na kifikapo mwisho wa lami kisigeuze njia. Jawabu lilionyeshwa katika maonyesho ya magari ya Tokyo mwaka 1967 na likaingia sokoni mwaka 1968. Jina lake lilikuwa DT-1: silinda moja ya sentimita za ujazo 246, injini ya mapigo mawili, nguvu za farasi 18.5, gia tano, na uzito wa kilo 112. Haikupita miaka mingi kila kampuni kubwa ya pikipiki ya Japani ikawa na chombo cha namna hiyo.

Na jina la Yamaha lenyewe lilianzia katika kutengeneza kitu kilichoharibika. Mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa katika shule moja ya mji wa Hamamatsu, Japani, atengeneze kinanda cha upepo kilichokuwa kimeharibika. Akakifungua, akaufahamu utaratibu wake, kisha akaunda cha kwake. Kampuni ya pikipiki ilizaliwa kutokana na kampuni ile ya vinanda mwaka 1955, na ndiyo sababu mpaka leo katika tangi la pikipiki hizo huonekana alama ya uma tatu za kulinganishia sauti.

Ukoo wa DT-1 ulipofika kwetu Afrika Mashariki ulikuja kwa vyombo vidogo zaidi, DT 125 na DT 175, pamoja na majirani zake Honda XL na Suzuki TS, vyombo hivyo vikakabidhiwa mabwana shamba, mabwana mifugo, wauguzi wa chanjo, mapadri na wachungaji wa vijijini. Kutoka Mombo kupanda Lushoto, mkoani Tanga, njia ni ya lami, walakini vijiji vingi vya milima ya Usambara havikujengwa kando ya lami, na mkulima mwenye ndizi zilizoshikwa na ugonjwa hakuweza kungoja barabara ichongwe ndipo afikiwe. Mzee mmoja wa Tanga, bwana shamba mstaafu, aliinunua DT 175 yake katika mnada wa vyombo vilivyoondolewa kazini, akaitumia miaka mingi, kisha ikalala katika banda karibu na bahari, ambako upepo wa chumvi hula chuma usiku na mchana. Pikipiki hiyo ndiyo iliyonifundisha mengi ya haya niyasemayo. Nilipomwuliza anataka iwe namna gani itakapokwisha, alinijibu kwa upole, “Mwanangu, mimi sitaki iwe mpya. Nataka inipandishe mlima bila ya kunitia mashaka.” Katika maneno hayo machache alinipa kipimo cha kazi yote.

Basi kazi huanzia wapi? Huanzia katika karatasi. Kabla ya kununua au kupokea pikipiki kuukuu, linganisha namba iliyogongwa katika shingo ya fremu na namba ya injini, na zote mbili uzilinganishe na kadi. Maana mtu aweza kumaliza akiba yake katika chombo ambacho kwa sheria si chake, na hakuna ufundi utakaomfaa mbele ya askari. Karatasi zikiwa salama, huja zamu ya macho. Pikipiki ipigwe picha kila upande kabla ya kuguswa, kila waya na kila bomba liandikwe linatoka wapi na linakwenda wapi, na kila kundi la nati na bolti liwekwe katika mfuko wake wenye jina, maana kumbukumbu ya binadamu huahidi mengi siku ya kufungua na hutimiza machache siku ya kufunga. Asipige mtu kiki kwa pupa ili aone kama inawaka. Na achomoe plagi, atie oili kidogo katika silinda, aiache ipenye, ndipo aizungushe injini polepole. Maana ringi zilizoshikamana na silinda kwa kutu huvunjika zikilazimishwa. Plagi hiyo iliyochomolewa nayo ina habari: ikiwa nyeusi na imelowa, oili imekuwa ikizidi, ikiwa ina chembe za kijivu za aluminiamu, jua kwamba pistoni ilipata kuyeyuka, na ndani kuna msiba unaokungoja.

Halafu huja kufungua, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu kabla hawajatengeneza. Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani za zama zile zilifuata kipimo chao wenyewe, kinachotofautiana kidogo na kile cha bisibisi ya nyota ya kawaida ambayo asili yake ni Marekani. Ncha ya bisibisi hiyo haikai mpaka chini, na mtu akikaza mkono huchupa na kula kingo za skrubu, mpaka pasibaki pa kushika. Dawa yake ni bisibisi yenye ncha ya Kijapani, oili ya kulainisha iliyoachwa usiku mzima, na ile bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ambayo kila pigo huikandamiza skrubu huku ikiizungusha. Kadhalika beringi zilizobanwa katika kasha la injini hazing'olewi kwa nguvu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma, hivyo kasha likitiwa moto wa kiasi cha maji yanayochemka, katika tanuri ya mikate kwa idhini ya mwenye jiko, beringi huanguka yenyewe kwa uzito wake; na ile mpya, ikiisha kulala katika barafu, huingia mahali pake kwa kusukumwa kwa kidole au kugongwa kidogo tu. Mwenye elimu hii hahitaji nyundo kubwa, na kasha lililogongwa kwa nyundo kubwa hupasuka mahali pasipoonekana mpaka oili ianze kuvuja.

Sasa tufike kwenye moyo wa maneno yetu, ambao ni injini ya mapigo mawili. Injini nyingi za pikipiki zinazobeba abiria wetu leo ni za mapigo manne: kranki huzunguka mara mbili ndipo upatikane mlipuko mmoja, na vali hufungua na kufunga njia za hewa na moshi. Injini ya mapigo mawili kama ya DT haina vali za namna hiyo; pistoni yenyewe ndiyo mlinzi wa milango. Ikipanda, chini yake hupatikana nafasi inayonyonya hewa, petroli na oili kutoka katika kabureta mpaka ndani ya kasha la kranki. Ikishuka, hulisonga fungu hilo na kulisukuma kwa njia za pembeni za silinda mpaka juu ya pistoni, ambako litachomwa. Na hivyo kila mzunguko mmoja wa kranki una mlipuko wake. Kwa hiyo kasha la kranki, ambalo katika injini nyingine ni nyumba ya oili tu, hapa ni pampu, na pampu haifanyi kazi ikiwa ina tundu.

Walinzi wa pampu hiyo ni pete mbili za mpira, moja kila upande wa kranki, ambazo mafundi huziita oili sili. Thamani yake ni ndogo, hazionekani na mtu, na katika pikipiki iliyolala miaka mingi aghalabu zimekauka na kuwa ngumu. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini huivuta oili ya gia boksi na kuichoma, na ekzosi hutoa moshi mweupe usiokatika, jambo ambalo angalau hujitangaza. Sili ya upande wa sumaku ikichoka, hatari yake ni ya siri: injini huvuta hewa isiyopita katika kabureta, mchanganyiko huwa mwepesi wa petroli na wa oili, moto wa juu ya pistoni huzidi, mpandaji huiona pikipiki imechangamka na kupata mbio kuliko jana, akafurahi, na katikati ya furaha hiyo pistoni hutanuka, hushikana na silinda, na gurudumu la nyuma husimama ghafula. Jahazi lisilokalafatiwa, hata likipakwa rangi ya namna gani na kutundikwa bendera za namna gani, halivuki mkondo. Na kalafati ya pikipiki hii ndiyo hizo pete mbili. Ndiyo sababu fundi mwenye amana, akiisha kuziweka mpya, huziba mlango wa kabureta na mlango wa ekzosi, huisukumia injini upepo mdogo kwa pampu ya mkono yenye saa ya kupimia, kisha huketi akaitazama saa hiyo kwa dakika kadhaa. Ikishuka, hupaka povu la sabuni katika kila kiungo mpaka amwone mwizi kwa viputo. Kazi hiyo hakuna atakayeisifu, na bila ya hiyo sifa nyingine zote ni bure.

Baada ya hapo huja silinda. Silinda iliyoliwa hupelekwa kwa mkereza ili ichongwe kufuata pistoni yenye ukubwa wa ziada, ambayo huuzwa kwa ngazi za robo milimita: 0.25, kisha 0.50, na kuendelea. Nilipoipeleka silinda ya mzee yule kwa mkereza wa Ngamiani, Tanga, nikamwambia aichonge kwa ngazi ya kwanza ili nisipoteze wakati nikingoja pistoni, alinirudishia mikononi. “Niletee pistoni kwanza, kaka,” akasema. “Silinda haichongwi kwa habari.” Na haki ilikuwa yake, maana pistoni mbili zilizoandikwa namba moja huweza kupishana kidogo, na baina ya pistoni na silinda ya injini ya namna hii hutakiwa nafasi ya sehemu nne au tano za mia za milimita moja: ikipungua, pistoni hushikana ikipata moto, ikizidi, hugonga na kupoteza nguvu. Hivyo pistoni hupimwa kwanza, ndipo silinda ichongwe kwa ajili yake, na hao wawili tangu hapo hawaachani. Wala kazi haishii katika kuchonga. Kingo za matundu ya ndani ya silinda hubaki kali kama wembe, na ringi ikipita juu yake hunaswa na kuvunjika; kwa hiyo hulainishwa kwa mkono, kwa tupa nyembamba na msasa, ukingo baada ya ukingo. Hilo nalo hufunikwa siku ileile, na hakuna atakayelijua ila aliyelifanya.

Upande wa petroli, adui ni kutu na utomvu. Tangi lililokaa bila ya mafuta hushikwa na kutu ndani, na mtu akiliosha kwa petroli mpya tu, kutu itamfuata mpaka katika kabureta kila siku ya maisha yake. Siki ikijazwa na kuachwa siku kadhaa huila kutu hiyo. Kisha tangi husuuzwa, hutiwa maji yenye magadi ili ukali wa siki ukatike, hukaushwa juani upesi, na hupakwa oili nyembamba ndani kabla halijashikwa tena. Wakazi wa pwani hawatashangaa, kwa kuwa bibi zetu walisafisha shaba kwa ukwaju na ndimu kwa elimu hiyohiyo. Tangi likiwa na tundu, lisichomelewe kwa moto hata likionekana tupu, maana mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka, na tangi tupu kwa hivyo ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Ama kabureta, petroli iliyokauka ndani yake huacha utomvu unaoziba vijitundu vya jeti, hasa ile ndogo ya mwendo wa polepole. Vijitundu hivyo vizibuliwe kwa dawa, kwa upepo, na kwa uzi laini wa shaba. Waya wa chuma huipanua jeti, na jeti iliyopanuliwa hubadili hesabu yote ya mchanganyiko.

Upande wa moto, pikipiki za awali za ukoo huu zilitegemea pointi na kondensa zilizofichwa nyuma ya sumaku. Nyuso za pointi husafishwa, nafasi yake hupimwa kwa filageji katika 0.3 mpaka 0.4 ya milimita, kisha huangaliwa kwamba cheche yatoka kabla pistoni haijafika kileleni, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha chombo hicho na si kwa kusikiliza tu. Na iko pampu ndogo ya oili ambayo Yamaha waliianzisha mwaka 1964 kwa jina la Autolube, iliyofungwa na waya wa mkono wa moto, yaani akseleta, ili injini ipewe oili kwa kadiri ya kazi yake. Mafundi wengi wa kwetu huing'oa na kuichanganya oili katika tangi, na siwalaumu, kwa kuwa pampu iliyoachwa na hewa katika bomba lake huinyima injini oili kimyakimya. Walakini pampu iliyosafishwa, ikatolewa hewa yote mpaka oili ije bila ya kiputo, hupima vizuri kuliko kopo la mchanganyaji yeyote aliye na haraka.

Magurudumu, breki na shokapu nitayapita upesi, kwa kuwa hayo fundi wa mtaani anayajua. Nitaonya mambo mawili tu. Bitana za breki za zama zile aghalabu zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Lisipulizwe kwa upepo wala kwa mdomo, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Na tairi la zamani laweza kuwa na meno marefu ya kuvutia macho ilhali mpira wake umekauka ukawa mgumu. Tairi hilo halishiki njia yenye maji, na huruma juu yake ni uadui juu ya shingo ya mpandaji.

Sasa rangi. Iko hitilafu baina ya watu wa kazi hii, na kila upande una hoja. Wako wasemao kwamba pikipiki irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, kila kibandiko mahali pake na kila bolti iking'aa, kwa kuwa hivyo ndivyo waundaji walivyokusudia. Na wako wasemao kwamba alama za miaka ziachwe, kwa kuwa rangi ya kwanza haipatikani mara mbili. Mimi nauelemea upande wa pili, kwa masharti mawili: kutu inayokula chuma isimamishwe, na fremu ichunguzwe nyufa, hasa karibu na shingo na mahali mkono wa nyuma unaposhikwa, kabla ya lolote. Katika tangi la mzee yule pana namba ya bohari iliyoandikwa kwa brashi na mkono wa mtu, na chini yake mikwaruzo ya magoti yaliyopanda na kushuka Usambara. Kuifuta namba hiyo na kuweka kibandiko kipya kungekuwa kuondoa ushahidi wa kazi na kuweka pambo. Tangi tuliliosha, tukalisugua kwa dawa ya kung'arishia, tukaliacha na habari zake.

Msikilizaji ataniuliza: yote haya ya nini, ilhali pikipiki mpya zapatikana, spea zake zimejaa madukani, na hata fundi wa kijiweni huzifungua akiwa amefumba macho? Swali hili ni la haki. Mwenye kutafuta riziki ya kubeba abiria asifuate ushauri wangu. Na anunue pikipiki mpya, maana spea za chombo kuukuu hungojewa kutoka mbali, na nyingine ni za bandia zinazofanana na za asili kwa sura tu. Wala siwezi kuitetea injini ya mapigo mawili katika kila jambo. Katika wakati ambao milango ya kuingizia na ya kutolea iko wazi pamoja, sehemu ya petroli hutoka na moshi bila ya kuchomwa, na kwa sababu ya uchafu huo wa hewa sheria za nchi nyingi ziliibana mpaka ikapungua sana barabarani. Faida ya kazi hii iko kwingine. Injini hii ina vipande vichache, kila kimoja kina sababu inayoweza kufahamika na mtu mwenye akili ya kawaida na subira. Na kijana aliyeifungua na kuifunga moja kwa mikono yake, akapima badala ya kukisia, hupata kanuni ambayo ataichukua katika kazi yoyote, hata kama maishani mwake hatagusa tena pikipiki.

Siku ya kuwaka nayo ina adabu zake. Injini iliyotiwa vipande vipya ndani haiendeshwi kwa nguvu. Hupewa mwendo mdogo, huachwa ipoe, hurudiwa, mkono wa moto ukifunguliwa na kufungwa bila ya kushikiliwa mahali pamoja, mpaka ringi na silinda zizoeane. Plagi huchomolewa na kusomwa: rangi ya kahawia ndiyo raha ya fundi, nyeupe ni onyo kwamba hewa imezidi. Ndipo hatimaye chombo kipelekwe kwenye njia ya namna ile ambayo kiliundwa kwa ajili yake, yenye mawe, mchanga na mlima, kwa kuwa pikipiki ya nyikani iliyojaribiwa katika lami tu haijajaribiwa. Ya mzee ilipanda, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipandisha, mimi nikifuata nyuma kwa gari na sanduku la spana ambalo halikufunguliwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu. Nimesema kwamba kazi bora ni ile isiyoonekana. Basi mnunuzi ataijuaje, na atamtofautisha vipi fundi mwenye amana na mpakaji wa rangi tu? Nawapa njia niliyofundishwa. Ukionyeshwa pikipiki kuukuu iliyofufuliwa, usianze kuitazama yenyewe. Mwombe muuzaji akuonyeshe alivyovitoa: sili zilizokauka, pistoni ya zamani yenye makovu, beringi zilizochoka, bitana zilizoisha, na daftari la vipimo alivyopima. Mwenye kuifanya kazi ya ndani huwa navyo katika sanduku, vichafu na visivyo na bei, na huvileta kwa furaha, kwa kuwa ndivyo mashahidi wake wa pekee. Mwenye kukuonyesha rangi tu, akasema vya zamani alivitupa vyote, mshukuru kwa chai yake, umuage, uende zako. Nanyi mnaoifanya kazi hii, wekeni masanduku hayo.